Maua Hayakusubiri Moduli ya Sita

Bigwa, Jumamosi alasiri

Mwanangu Asteria,

Umetoka sasa hivi kwenda Mwembesongo kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule. Nina saa mbili tatu za kukaa peke yangu. Barua hii nitaitia kwenye mkoba wako wa vitabu. Ukiiona, isome ukishafika Mbeya, usiisome ndani ya basi.

Mambo ya blanketi zito, na kumpigia simu bibi yako, na kutokula hovyo njiani, sitayaandika. Umeshakua. Ninaandika jambo moja ambalo nimeshindwa kulisema tangu Jumapili.

Jumapili ulikuwa unakunja nguo sebuleni ukanisimulia usaili wako wa kazi unayoiendea Mbeya. Ulisema walikutaka uonyeshe mfano wa kozi ya mtandaoni iliyoandaliwa vizuri, nawe ukawafungulia kozi yangu ya vanila.

"Mama, waliiangalia moduli ya kwanza mpaka mwisho," uliniambia. "Mmoja akauliza, huyu mwalimu ni nani? Nikamwambia ni mama yangu."

Ulikuwa unacheka kwa furaha. Mimi nikasema naenda kutazama maharage. Jikoni hakukuwa na maharage. Nilisimama pale nimeshika meza, nikasikia unaniita, "Mama, vipi?" nikajibu, "Nakuja." Na niliporudi nilikuambia hongera.

Sasa nikueleze umewaonyesha nini watu wale.

Mwaka ule ulipokuwa Dodoma chuoni, mkuu wa kitengo chetu pale chuo ninapofundisha aliniita akaniambia kuna wafadhili wanataka kozi ya mtandaoni ya wakulima wa vanila wa huku milimani. Aliniambia nimechaguliwa mimi kwa sababu nina sauti nzuri na uso unaokaa vizuri kwenye kamera. Hakuuliza kama najua vanila. Mimi pia sikujiuliza. Nilikwenda kwa fundi nikashona magauni matatu.

Waligeuza chumba cha nyuma cha maktaba kikawa studio. Wakaweka pazia jekundu, taa mbili na kipaza sauti. Nilisoma slaidi kwa mwezi mzima. Kila video nilianza kwa kutabasamu na kusema, "Karibuni sana wanafunzi wapendwa." Ningekuwa naiangalia sasa hivi, ningeitemea mate. Sikuwa naongea na mkulima yeyote. Nilikuwa naongea na ile taa, na mkuu wangu, na watu wa mbali ambao hawatashika jembe maishani mwao, ili waseme, ah, mama huyu ni msomi.

Moduli ya kwanza ilikuwa historia ya vanila, ilitoka bara gani, ikafikaje Afrika. Ya pili, jina lake la kisayansi na ukoo wa mimea. Ya tatu, udongo na hali ya hewa. Ya nne, soko la dunia. Ya tano, vyama vya ushirika. Ya sita ndiyo kuchavusha maua.

Nikuambie kuhusu ua la vanila, maana hata mimi wakati ule nilikuwa nalijua kwa kusoma tu. Linafunguka alfajiri, likifika mchana limeanza kunyauka. Huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha. Lazima mtu alishike kwa mkono, asubuhi ile ile, kwa kijiti chembamba, ainue kijiulimi kinachotenganisha sehemu ya dume na ya jike, azikutanishe. Asipofanya hivyo, ua linadondoka na huo ndio mwisho wake. Ndiyo kusema kazi yote ya vanila iko pale, kwenye asubuhi ile. Nami niliiweka wiki ya sita, nyuma ya ushirika.

Na sikuishia hapo. Niliifunga. Wataalamu wa kompyuta waliniuliza, "Mwalimu, mtu aruhusiwe kuruka moduli?" Nikajibu hapana, wasome kwa mpangilio, wafaulu jaribio la moduli moja ndipo nyingine ifunguke wiki inayofuata. Nilijiona mwalimu wa msimamo.

Majaribio yenyewe mkuu aliyaona magumu. Alitaka watu wamalize, maana wafadhili wangeuliza wangapi wamemaliza, wasingeuliza wangapi wameweza. Nikayalegeza. Kila swali lilikuwa na majibu manne, na la nne lilikuwa "Yote hapo juu ni sahihi." Ukibonyeza la nne mfululizo bila kusoma, unafaulu. Nilijua hivyo. Nililijaribu mwenyewe siku moja nikiwa nakunywa chai, nikafaulu, nikafunga kompyuta nikaendelea na chai.

Kulikuwa pia na ukurasa wa maswali. Wiki ya kwanza yalikuja mengi nikachoka, nikaandika jibu moja lijitume lenyewe: "Asante kwa swali lako zuri. Jibu utalipata katika moduli zijazo." Kuanzia siku hiyo sikuufungua tena ukurasa ule.

Kozi ikaisha. Vyeti vikatumwa. Siku chache baadaye, asubuhi ya saa nne hivi, nikasikia hodi hapa nyumbani.

Alikuwa mama mmoja amejifunga khanga mbili, ameshika kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Nilimwamkia mimi, maana alinizidi umri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa vanila?"

Nikasema ndimi. Alinitazama muda mrefu, nadhani alikuwa ananilinganisha na yule wa kwenye simu. Akasema anaitwa Koleta, ametoka Kinole. Ametoka kwake gizani, akapanda pikipiki mpaka barabarani, akapata gari. Nilimkaribisha, nikampa maji. Nilidhani amekuja kunishukuru. Ndiyo, mwanangu, nilikaa kwenye kiti changu nikingoja kushukuriwa.

Alifungua jani. Ndani kulikuwa na kipande cha rando la vanila, ule mmea wake unaotambaa, lina ua moja limefunguka na vikonyo vingine vitupu, vimeshadondosha maua yake.

"Hili la mwisho," alisema. "Nimekata nikuletee. Miaka mitatu nalea marando haya, mwaka huu ndiyo yametoa maua mara ya kwanza. Yalianza tukiwa moduli ya pili. Nikapanda kule juu kwenye mtandao nikabonyeza ile ya kuchavusha, ikakataa. Ina kufuli. Nikakuandikia."

"Uliniandikia?"

"Nilikuandikia, mwalimu. Nikakuambia maua yamefunguka leo, nifanyeje. Ukanijibu asante kwa swali lako zuri."

Nililisogeza lile jani karibu nami. Akaendelea.

"Nikasema labda mwalimu ana shughuli. Nikasoma mpaka wiki ya sita. Nimefika pale nakuta umechora ua na mishale. Mikono sikuiona. Nikajaribu vile vile, nikayachana. Yaliyobaki yamedondoka yenyewe." Akatoa bahasha kwenye khanga, akaiweka mezani. "Na hiki cheti mmenitumia. Kinasema naweza. Sasa nionyeshe basi, kwa mikono, hili moja."

Nilichukua kijiti cha kuchokolea meno. Nilikaa karibu yake, nikashika lile ua, nikakumbuka mchoro wangu na mishale yake. Nilitafuta kijiulimi nisikione. Nilikisukuma kitu nilichodhani ndicho, ua likapasuka katikati likanibakia kwenye vidole, laini na lenye majimaji.

Koleta hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya nyanya.

"Mwalimu, umewahi kulishika ua hili kabla ya leo?"

"Hapana," nikasema.

"Ah," akasema. "Basi."

Akaomba maji mengine akanywa. Alipoondoka nilifungua ule ukurasa wa maswali, kwa mara ya kwanza tangu wiki ya kwanza. Niliusoma mpaka kiza kikaingia. Watu walikuwa wanaandika kwa heshima, mwalimu naomba, mwalimu samahani, na chini ya kila mmoja lile jibu langu. Mmoja aliandika: "Mwalimu samahani, baba amefariki jana, sitaweza kufanya jaribio." Chini yake: "Asante kwa swali lako zuri."

Asteria, nimefanya makosa mengi ya hasira na ya ujinga, na mengine unayajua. Hilo ndilo pekee linalonuka. Nikilikumbuka nahisi harufu yake, kama maji ya chombo cha maua yaliyosahaulika siku nyingi.

Kesho yake nilimfuata Koleta Kinole. Hakuwa na ua hata moja la kujifunzia, akanipeleka kwa jirani yake anaitwa Adventina, mwanamke wa Bukoba aliyeolewa pale na kuja na kazi hiyo mikononi kutoka kwao. Marando yake yalichelewa, yalikuwa bado yanachanua. Alikuwa anachavusha anaongea habari nyingine kabisa, habari ya mbuzi, vidole vinakwenda vyenyewe.

"Kwa nini hukumfundisha Mama Koleta?" nilimuuliza.

"Aliniambia yuko kwenye kozi," akajibu. "Nikasema anafundishwa na wasomi, mimi nitamchanganya."

Na hapo tena nikajichukia. Kozi yangu iliwaziba midomo hata wanaojua.

Adventina alinipa mwiba wa mlimau na ruhusa ya kuharibu. Alisimama nyuma yangu akanishika mkono kama anamfundisha mtoto kushika kalamu. "Usichome. Inua. Sasa dole gumba, taratibu, kama unafunga kifungo." Nilichana la kwanza, la pili, nikaacha kuhesabu. Yapo niliyodhani nimeyapatia. Nikamuuliza nitajuaje.

"Subiri siku mbili tatu. Likibaki kwenye rando, umeweza. Likidondoka, hujaweza."

Nililala kwa Koleta siku tatu. Tulikula pamoja. Siku ya tatu asubuhi maua yangu mengi yalikuwa chini. Mawili yalikuwa yamebaki. Niliyashika mawili yale nikalia, sikulia kwa furaha. Nililia kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na tatu ya kufundisha na huo ulikuwa mtihani wangu wa kwanza ambao mtu angeweza kuufeli kweli.

Nilirudi chuoni nikatengeneza kozi nyingine. Video ya kwanza ilikuwa mikono ya Adventina tu, nimeipiga kwa simu yangu, fupi kuliko wimbo mmoja wa redio, ili mtu asimalize bando. Haina muziki, mimi simo. Ukiifungua unakutana na ua na vidole. Jaribio lilikuwa hivi: chavusha maua matano, siku ya tatu nitumie picha, yaliyobaki na yaliyodondoka. Historia ya vanila niliiweka mwisho kwa anayependa hadithi, na hakuna mlango niliotia kufuli. Maswali nilijibu kwa sauti yangu, mmoja mmoja. Usidhani ilikuwa raha. Ilinichosha, kuna siku nilimjibu mtu vibaya nikalazimika kumpigia kumwomba radhi. Wengine waliacha njiani bila kusema. Lakini picha zilianza kuja, za maua yaliyobaki kwenye marando.

Nilimpelekea mkuu. Aliangalia nusu dakika.

"Kucha zake zina udongo," alisema.

"Ni mkulima."

"Wafadhili wataangalia hii. Nembo iko wapi? Wewe mwenyewe uko wapi? Watu wanakupenda wewe." Akanirudishia simu. "Ile ya kwanza inatosha. Imependeza, na imekamilika."

Kwa hiyo ile ya mikono haijawekwa kwenye tovuti ya chuo mpaka leo. Inazunguka kwenye simu za watu wa milimani. Iliyopo pale ni ile yenye pazia jekundu, nami natabasamu.

Ungeweza kuniambia, mama, hilo ni kosa lao. Ngoja nimalize.

Miezi mitano baada ya Koleta kukaa kwenye kiti hiki, chuo kilifanya sherehe na kunipa ngao ya kozi bora. Ni ile iliyopo ukutani, unayoifuta vumbi kila Jumamosi, uliyoipiga picha ukawatumia rafiki zako. Nilikuwa nimeshajua kila kitu. Nilivaa moja ya yale magauni. Nilipanda jukwaani, nikapewa kipaza sauti, na nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja tu ya ukweli. Nilisema nawashukuru wanafunzi wangu wote kwa bidii yao. Walipiga makofi. Nami nikala pilau, na pilau ilikuwa tamu.

Huyo ndiye mama yako uliyempeleka kwenye usaili.

Unakwenda kuandaa kozi za wauguzi. Wataishika mikono ya watu, watawatoboa mishipa, watawapokea watoto. Watakupa studio nzuri kuliko yangu, na atakuwepo mtu wa kukuuliza nembo iko wapi. Sikwambii ugombane naye siku ya kwanza. Nakuomba tu, kabla hujaandika neno moja, ukakae na muuguzi wa zahanati asiye na mtu wa kumuuliza, umwangalie anashindwa wapi, na saa ngapi. Kisha ukifanye kitu hicho mwenyewe mpaka ukikosee mbele yake. Kozi yako ianzie pale aliposhindwa. Akikuandikia, mjibu wewe. Ukichoka, mwambie umechoka, utamjibu kesho, lakini usimwachie mashine imshukuru. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo. Mimi niliona nitasema baadaye, mahali pazuri zaidi, na kila siku iliyopita ilifanya mdomo kuwa mzito, mpaka nikawa mtu anayemdanganya mwanawe kuhusu maharage.

Ngao nimeishusha leo ulipotoka. Usinihurumie kwa hilo, kuishusha ni rahisi. Barua ya kuomba ile kozi iondolewe nimemwandikia mkuu pia, nitaipeleka Jumatatu kwa mkono wangu. Najua atakachosema. Nitaipeleka hata hivyo, na nakala nitawapa wenzangu wa kitengo, ili isije ikapotelea mezani kwake.

Mwezi uliopita nilipanda Kinole. Msimu wa maua ulikuwa unakaribia, nikasema nimpelekee Koleta ile video, tukae naye, nimshike mkono kama nilivyoshikwa. Nilimkuta shambani. Pale palipokuwa na vanila palikuwa na matuta ya magimbi, yamestawi, majani yake makubwa hayo.

"Nimeng'oa, mwalimu," alisema kabla sijauliza. "Miaka mitatu mingine sina. Nimezeeka."

Nikamwambia sasa najua, naweza kumwonyesha. Nikatoa simu. Aliipokea, akaangalia vidole vya Adventina mpaka mwisho, akatikisa kichwa polepole.

"Kumbe ni hivi tu," akasema.

Akanirudishia simu, akainama kuendelea kuchimba. Niliomba jembe la pili. Alinionyesha lilipo. Tulichimba mpaka jua likawa kali, halafu nikamsaidia kubeba gunia mpaka barabarani, yeye akanishukuru kwa gunia.

Nasikia geti, nadhani ni wewe, na shangazi yako atakuwa amekupa vitu vya kubeba. Nafunga hapa. Nakupenda, Asteria, na safari yako iwe ya heri.

Ni mimi mama yako, ambaye sasa unamjua.